Seyyid Barghash na maji ya mfereji

Ukimtaja Seyyid Barghash bin Said, wengi wanarukia Beit al-Ajaib, lile jumba la 1883 pale Forodhani. Mimi nikipewa darasa la historia nitaanza na maji.

Mwaka 1859 alijaribu kumpindua kaka yake, Seyyid Majid. Akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay. Mwaka 1860, yeye akiwa huko, mji ule ulianza kupata maji ya bomba kutoka Vihar. Kwa maoni yangu, zile zilikuwa skuli zake.

Huku kwetu mambo yalikuwa mabaya. Mji Mkongwe ulikunywa maji ya visima vifupi, vyoo viko hapo hapo ubavuni. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua maelfu kwa maelfu. Majid akafariki Oktoba 1870 na Barghash akakaa kwenye kiti.

Kiti chenyewe sasa, jamani! Aprili 1872 kimbunga kikazamisha meli zake na kung'oa mikarafuu ya Unguja. Mwaka uliofuata Waingereza walitishia kuizingira Zanzibar mpaka akatia saini kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kufunga soko lao. Aliyembana alikuwa balozi John Kirk, ambaye kwa taaluma ni daktari. Hata ushuru wa forodha ulikuwa umekodishwa kwa wafanyabiashara.

Serikali dhaifu hivyo, na bado akavuta maji kwa mabomba kutoka chemchemi ya Chemchem mpaka mjini, watu wakachota bila malipo. Sisi wa dahalia tunaoamka saa kumi alfajiri na madumu tunaelewa hilo lina uzito gani.

Lakini tusimpambe. Karafuu zilizomlisha zilichumwa na watumwa, na marufuku ya 1873 haikuwaacha huru waliokuwa tayari mashambani. Maji safi hayaoshi hilo. Halafu mradi ulikuwa wa mfuko wake. Wizara ya afya haikuwepo, wala baraza la mji la kuudai. Uhai wa mji ukategemea huruma na mapato ya mtu mmoja, na mapato hayo yalikuwa yanakatwa. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa wakamwachia ukanda wa maili 10 tu wa pwani ya bara, pamoja na visiwa.

Alifariki Machi 1888, na mwaka 1890 Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Waingereza.