Mwalimu Nyerere, bao na shule ya Litowa

Msikilizaji, mtoto anayecheza bao pale Liuli au Mbamba Bay anajifunza kufikiri: nikizihamisha kete hizi, mwenzangu atafanya nini? Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, naye alikulia katika mchezo huo. Inasimuliwa kuwa Mtemi Makongoro wa Ikizu alicheza naye, akaiona akili yake, akamshauri baba yake ampeleke shule. Alianza darasa la kwanza mwaka 1934, akiwa na miaka 12.

Baadaye akawa mwalimu, kisha Rais. Mwaka 1967 aliandika Elimu ya Kujitegemea, akilaumu shule zinazokaririsha watoto kwa ajili ya mtihani tu. Alitaka mtoto aulize, apime, aamue mwenyewe. Mfano alikuwa nao huku kwetu Ruvuma: shule ya Litowa, Songea (enzi hizo Mbinga nayo ilikuwa Wilaya ya Songea), ambako wanafunzi walilima na kushiriki kupanga kazi zao. Litowa ilikuwa katika umoja wa vijiji ulioitwa RDA.

Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU, chama alichokiongoza yeye mwenyewe, iliuvunja umoja huo. Walimu wa Litowa wakahamishwa. Hapo wapo wanaomlaumu hadi leo, nasi hatuwashangai. Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999.