David Livingstone, Shahidi wa Nyangwe

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, katika nchi ya Uskoti. Wazazi wake walikuwa maskini, naye alipopata umri wa miaka 10 alipelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha pamba. Mchana alifanya kazi, usiku alisoma. Akawa mganga na mhubiri wa Kiprotestanti, akaja Afrika mwaka 1841. Hakuwa mtoto wa Kanisa Katoliki. Lakini habari zake zina fundisho kwa kila anayejitayarisha kupokea Ubatizo, kwani zaonyesha jinsi neno la shahidi linavyopimwa.

Mwaka 1869 alivuka ziwa Tanganyika pamoja na msafara wa Mohamad Bogharib, mfanya biashara Mwarabu, na mwezi wa Septemba akafika mahali alipopaita Bambarre, ndipo Kabambare. Alikuwa akitafuta chemchemi za mto Nile, naye alidhani kwamba Lualaba ndio mwanzo wake. Kumbe, maji ya Lualaba yanakwenda mto Kongo. Toka Julai 1870 hata Februari 1871 alikaa Kabambare, na kwa muda alilala mgonjwa, miguu imejaa vidonda. Katika siku zake za Maniema alisoma Biblia yote mara 4. Karatasi zikamwishia, lakini hakuacha kuandika: alitwaa gazeti la kale, akaandika juu ya maneno yaliyopigwa chapa, kwa wino uliotengenezwa kwa mimea ya nchi.

Alipopata nafuu alikwenda Nyangwe, penye soko kubwa kando ya Lualaba. Tarehe 15 Julai 1871 watu wengi walikusanyika sokoni, na wengi wao walikuwa wanawake waliobeba vyakula. Watu watatu wa msafara wa Dugumbe wakaingia na bunduki. Wakagombana na muuzaji kwa ajili ya kuku, mara wakafyatua risasi. Watu wakakimbilia mitumbwi. Mitumbwi haikutosha, na wengi wakajitupa mtoni wakafa maji. Livingstone aliyaona hayo kwa macho yake, akayaandika. Hesabu ya waliokufa hakuipata yeye mwenyewe. Waarabu walikadiria kati ya 330 na 400. Kwa hiyo hesabu hiyo ni makadirio, wala hakuna aliyehesabu maiti.

Livingstone akarudi Ujiji, akapeleka barua Uingereza. Habari ya Nyangwe ikawachoma watu moyo, ikawa moja ya sababu zilizoifanya serikali ya Uingereza kumkaza Sultani Barghash, hata soko la watumwa la Unguja likafungwa mwaka 1873. Mwaka huo huo, tarehe 1 Mei, Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia. Waafrika wenzake wa safari, wakiongozwa na Susi na Chuma, walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua pamoja na maandishi yake mpaka pwani. Huko Bagamoyo, Februari 1874, mwili ulipokewa katika misioni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Kama watu hao wasingalikuwa waaminifu, maandishi yale yangalipotea porini.

Mwaka huo wa 1874 kitabu cha safari zake za mwisho kilichapishwa London. Lakini kitabu hicho hakikufuata zile karatasi za gazeti. Livingstone alikuwa amekwisha kuandika habari zake upya katika daftari kubwa, na wino wa zile za kwanza ulififia hata zisisomeke. Miaka mingi ikapita. Mwaka 2011 wataalamu walitoa picha zilizopigwa kwa mianga ya namna nyingi, na maneno yakaonekana tena.

Ndipo wakaweka maandishi mawili bega kwa bega. Mauaji ya Nyangwe yalikuwamo katika yote mawili. Ushuhuda huo ukasimama imara. Lakini palikuwa na tofauti. Siku zile Livingstone aliandika maneno makali juu ya watu wake mwenyewe, waliotumwa kwake kutoka Unguja, ambao nao walikuwa watumwa wa Wahindi. Alipoandika upya, mengine aliyalegeza na mengine aliyaacha. Wachunguzi wakauliza kama watu wake walishiriki katika uovu wa siku ile. Waliuliza, hawakuhukumu, maana ushahidi hautoshi.

Ndivyo afanyavyo mwandishi wa historia aliye mwaminifu. Haamini neno kwa sababu aliyelisema ana sifa, wala halitupi lote kwa sababu limepatikana na kasoro. Huuliza nani aliona, aliandika lini, na nani hakupata nafasi ya kusema. Wanawake wa Nyangwe hawakuacha hata ukurasa mmoja. Kwa hiyo masimulizi ya wazee nayo ni ushahidi, na hupimwa kama maandishi yanavyopimwa.

Amri ya nane yakataza uongo. Kuficha kosa la watu wetu ili kosa la wengine lionekane peke yake ni kuipinda kweli, na kumshitaki mtu pasipo ushahidi ni kuipinda vilevile. Luka Mtakatifu, mwanzoni mwa Injili yake, aeleza kwamba alichunguza habari zilizotoka kwa wale walioona kwa macho. Tena Injili zote nne zasimulia jinsi Petro, mkubwa wa Mitume, alivyomkana Bwana mara tatu. Wainjili hawakulificha kosa lake, na Kanisa lasoma habari hiyo kila mwaka katika Juma Takatifu, mbele ya watu wote. Mkatekumeni anayetaka kuwa shahidi wa Kristo na aanze hapo: aseme kweli juu ya wengine, na kweli ile ile juu ya nafsi yake na ndugu zake.