Kapteni Boycott na Jina Lake

Muhula huu nilikutana na neno la Kiingereza boycott, yaani kususia. Nilifungua kamusi kubwa ya maktaba ili nijue asili yake, nikastaajabu kuona kuwa lilikuwa jina la mtu. Basi nikatafuta habari zake.

Charles Cunningham Boycott alizaliwa Norfolk, Uingereza, mwaka 1832. Alikuwa askari kwa muda mfupi, kisha akalima huko Ayalandi. Baadaye akawa msimamizi wa mashamba ya Lord Erne huko Mayo, na kazi yake ilikuwa kutoza kodi wakulima waliopanga ardhi ile.

Mwaka 1879 mavuno yalikuwa mabaya. Mwaka uliofuata wakulima waliomba wapunguziwe robo ya kodi. Bwana mwenye ardhi akakubali sehemu moja tu katika kumi. Boycott akapeleka hati za kuwafukuza walioshindwa kulipa.

Watu wa Mayo hawakumpiga wala hawakumchomea nyumba. Walimtenga. Vibarua waliacha mashamba yake, watumishi wakaondoka, na wenye maduka wakakataa kumwuzia. Mwezi wa Novemba 1880 walikuja watu wapatao 50 kutoka kaskazini kumvunia mazao, wakilindwa na mamia ya askari. Gharama ya ulinzi ilipita mbali thamani ya mazao yenyewe. Mwezi uliofuata Boycott aliondoka Ayalandi. Tayari magazeti yalikuwa yakilitumia jina lake kama neno la kawaida, na Wafaransa na Wajerumani nao wakalichukua. Alifariki mwaka 1897, naye ameliona neno hilo likienea.

Habari hii ilinichoma moyo. Tulipokuwa kidato cha pili tulimsusia mwenzetu muhula mzima kwa kumdhania mwizi. Hakuna aliyekula naye, wala aliyemwitikia salamu. Baadaye kitu kilichopotea kilionekana, naye hakuwa na hatia. Mimi nilikuwa mmoja wao, na sikumwomba radhi mpaka juma lililopita.

Wakulima wa Mayo walikuwa wanyonge waliomsusia mwenye nguvu, nao waligombea ardhi iliyowalisha. Sisi tulikuwa wengi tuliomsusia mmoja. Neno ni lile lile, lakini haki haikuwa upande wetu.