Mfaransa Aliyefichua Siri ya Hamira

Kuanzia Diani na Gasi hadi Msambweni, ni nyumba chache zisizojua chila. Mchele huroweshwa usiku kucha, ukasagwa pamoja na tui zito la nazi, ukatiwa sukari, iliki na hamira, kisha ukafunikwa mpaka uumuke. Hapo rojo humiminwa upawa mmoja mmoja katika kikaango chenye moto wa wastani, kikafunikwa. Chila njema hujulikana kwa vitundu vyake. Zamani wako waliotia tembo la mnazi mahali pa hamira, na jambo hilo likawatia shaka wacha Mungu. Lakini ni kitu gani hasa kiumuacho rojo? Aliyeleta ushahidi ni Louis Pasteur.

Bwana huyu alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji wa Dole, Ufaransa. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa ngozi, naye alitamani sana mwanawe apate elimu. Kijana akasoma kemia, na mwaka 1854 akapelekwa kufundisha Lille. Mwaka 1856 tajiri mmoja aliyekuwa akitengeneza spiriti kwa maji ya biti alimjia na shida: baadhi ya mapipa yake yalikuwa yakiharibika bila sababu ya kuonekana. Pasteur akatazama kwa hadubini. Katika mapipa mazuri aliona chembe za mviringo. Katika mabaya aliona vijidudu vyembamba vya namna nyingine.

Wakubwa wa kemia wa zama zile walishikilia kwamba kuchacha ni kuoza tu, na waliotangulia kusema hamira ina uhai walikuwa wamechekwa. Kwa maandishi yake ya 1857 na 1860, Pasteur alithibitisha kuwa kuchacha ni kazi ya viumbe hai. Hamira hula sukari, ikatoa hewa na spiriti. Ile hewa ndiyo itoboayo chila vitundu. Hata ndani ya tembo mna hamira iliyojiingilia yenyewe, na ndiyo iumuayo. Hukumu ya sharia ni ya masheikh; lakini mama anayetumia hamira ya dukani hapungukiwi na kitu kwa kuliacha tembo.

Maisha yake hayakuwa ya raha. Kati ya watoto wake watano, watatu walikufa wadogo, wawili kwa homa ya matumbo. Mwaka 1868 alipooza upande wa kushoto. Hakuacha kazi. Mwaka 1885 chanjo yake ilitumika kumwokoa Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Alifariki tarehe 28 Septemba 1895, mwaka ule ule ambao Mbaruk bin Rashid wa Gasi alikuwa vitani na Waingereza katika nchi hii ya Kwale.

Faida ya elimu yake imo jikoni mwetu. Kwa kuwa hamira ni kiumbe hai, tui la moto mkali huiua, na rojo halitaumuka hata likingojewa hadi magharibi. Tui liwe vuguvugu. Na rojo likiachwa kupita kiasi, vijidudu vingine hushika zamu, chila zikawa chungu. Anayejua hivyo hatasema tena kwamba mkono wake hauna bahati ya chila.