Adrien Deschryver: Aliwalinda gorila wa Kivu, Batwa wakapoteza msitu

Nyuma ya milima inayoutazama mji wa Uvira na Ziwa Tanganyika kuna msitu wa Itombwe. Humo huishi gorila wa Grauer, sokwe mkubwa asiyepatikana kokote nje ya mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Miongoni mwa waliompigania mnyama huyo, anayekumbukwa zaidi ni Adrien Deschryver, mpiga picha wa Kibelgiji aliyeishi Kivu na kufariki mwaka 1989.

Katika miaka ya 1960 gorila waliuawa na wawindaji, huku msitu ukifyekwa kwa ajili ya mashamba. Deschryver aliishawishi serikali kuchukua hatua, na mwaka 1970 Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega ikaanzishwa karibu na Bukavu, ikiwa na kilomita za mraba 600. Mwaka 1975 ilipanuliwa hadi takriban 6,000.

Akiwa msimamizi wake, aliwazoesha gorila kuwaona watu, akiwemo Kasimir, dume maarufu lenye mgongo wa rangi ya fedha. Watalii walianza kumiminika. Lakini waliomwongoza msituni, wakisoma nyayo na majani yaliyovunjika, walikuwa Batwa.

Batwa hao hao ndio walioondolewa katika ardhi ya mababu zao hifadhi ilipowekwa, bila fidia. Wengi waliishia kuwa vibarua maskini kandokando ya msitu. Mwaka 2018 baadhi yao walirudi ndani kwa nguvu. Mapigano na walinzi yalisababisha vifo, na miti mingi ikakatwa kwa ajili ya makaa. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza kuwa serikali ilikiuka haki zao.

Deschryver hakuishi kuona vita vilivyofuata. Katika eneo la milimani la Kahuzi, gorila waliokuwa takriban 250 mwaka 1996 walipungua hadi 130 hivi mwaka 2000. Makadirio ya mwaka 2021 yanaonyesha wamebaki karibu 6,800 duniani.

Itombwe ilitangazwa kuwa hifadhi ya asili mwaka 2006, na wakazi walilalamika kuwa hawakushirikishwa. Baadaye mipaka ilijadiliwa nao, kijiji kwa kijiji. Ni hatua ambayo Batwa wa Kahuzi hawakupewa enzi za Deschryver, na gharama yake inalipwa hadi leo, na watu na gorila pia.