Leo Fender

Clarence Leonidas Fender, anayejulikana zaidi kama Leo Fender (10 Agosti 1909 – 21 Machi 1991), alikuwa fundi redio, mvumbuzi na mtengenezaji wa ala za muziki kutoka nchini Marekani. Anakumbukwa hasa kwa magitaa ya umeme ya Telecaster na Stratocaster, pamoja na gitaa la besi la Precision Bass.

Fender hakuwa mtu wa kwanza kutengeneza gitaa la umeme, na yeye mwenyewe hakujua kulipiga. Mchango wake mkubwa ni kwamba alilitazama gitaa kwa jicho la fundi wa kurekebisha vitu: kila kipande kiweze kufunguliwa na kubadilishwa. Kwa sababu hiyo gitaa lake limekuwa kielelezo kwa maelfu ya watu wanaojitengenezea magitaa nyumbani kama burudani, bila kuwa na kiwanda wala kusomea kazi hiyo.

Maisha ya awali

Fender alizaliwa katika jimbo la California. Wazazi wake walikuwa wakulima wa michungwa kati ya miji ya Anaheim na Fullerton. Akiwa na umri wa miaka 8 hivi alipata uvimbe katika jicho la kushoto, likaondolewa, na tangu hapo akawa na jicho la kioo. Utotoni alijifunza piano kidogo, kisha saksafoni, lakini hakuendelea na muziki.

Alipokuwa na miaka 13, mjomba wake aliyekuwa na karakana ya umeme wa magari alimpelekea sanduku la vipuri vya redio. Mwaka uliofuata alimtembelea mjomba huyo katika mji wa Santa Maria, akaikuta redio iliyoundwa kwa vipuri ikilia kwa sauti kubwa mbele ya karakana. Kuanzia hapo alianza kurekebisha redio nyumbani kwa wazazi wake.

Alimaliza shule ya sekondari Fullerton mwaka 1928, kisha akasomea uhasibu chuoni. Hakusomea umeme, ujuzi wake wote aliupata kwa kusoma mwenyewe na kwa kufungua vyombo. Mwaka 1934 alimwoa Esther Klosky. Alifanya kazi ya uhasibu, lakini wakati wa mdororo mkuu wa uchumi ajira zilikuwa haba naye akapoteza kazi. Mwaka 1938 alikopa dola 600 akafungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton, liitwalo Fender Radio Service.

Kutoka redio hadi gitaa

Wanamuziki wa mji huo walileta dukani amplifaya na magitaa yao yaliyoharibika. Wakati huo magitaa mengi ya umeme yalikuwa na kiwiliwili chenye uwazi ndani, kama gitaa la kawaida. Amplifaya ilipoongezwa sauti, ubao wa gitaa ulitetemeka, mtetemo ukarudi kwenye nyuzi, na mlio mkali wa kukera ukatokea. Tena shingo iliunganishwa kwa gundi, hivyo ikiharibika ilihitaji fundi bingwa.

Wengine walikuwa wameshaanza kutafuta dawa ya tatizo hilo. George Beauchamp alibuni gitaa la umeme la kulaza mapajani mwanzoni mwa miaka ya 1930. Les Paul alijaribu kutumia gogo la mbao lisilo na uwazi. Paul Bigsby, fundi wa pikipiki wa California, alimtengenezea mwanamuziki Merle Travis gitaa maalumu mwaka 1948. Lakini kazi za Bigsby zilikuwa za mkono, moja baada ya nyingine, kwa mteja aliyeagiza.

Fender na mwenzake Clayton Kauffman, aliyeitwa Doc, waliunda gitaa la majaribio la mbao tupu kwa ajili ya kupima kinasa sauti walichobuni. Kinasa sauti ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake, umeme kidogo huzalishwa na kupelekwa kwenye amplifaya. Gitaa hilo halikuwa la kupendeza kwa sura, lakini wanamuziki waliliazima kwa kulikodi kwa sababu ya sauti yake safi.

Wawili hao walianzisha kampuni ya K&F, iliyotengeneza magitaa ya kulaza na amplifaya. Kauffman aliondoka mwaka 1946, na Fender akaendelea na kampuni yake mwenyewe. Mwaka 1948 alijiunga naye George Fullerton, aliyekuwa msaidizi wake wa karibu kwa miaka mingi.

Telecaster

Mwaka 1950 Fender alitoa gitaa lililoitwa Broadcaster. Kampuni ya Gretsch ilikuwa tayari inatumia jina linalofanana kwa ngoma zake, hivyo mwaka 1951 jina likabadilishwa kuwa Telecaster.

Kiwiliwili chake kilikuwa ubao mmoja bapa, usio na uwazi wala nakshi. Shingo ya mbao ya mepo ilifungwa kwa skrubu nne. Vinasa sauti na swichi vilifungwa juu, ili fundi avifikie bila taabu. Baadhi ya watengenezaji wakongwe walilidharau, kwa kuwa halikuonesha ustadi wa useremala. Wanamuziki waliolipiga usiku kucha kwenye kumbi za dansi walilipenda, kwa kuwa halikupiga kelele na lilivumilia misukosuko.

Kosa moja lilijitokeza mapema. Fender aliamini kuwa mepo ni mti mgumu kiasi cha kutohitaji kuimarishwa, lakini baadhi ya shingo za mwanzo zilipinda kwa mvuto wa nyuzi. Kabla ya mwaka 1950 kwisha, fimbo ya chuma inayoweza kukazwa ilianza kuwekwa ndani ya shingo.

Precision Bass na Stratocaster

Katika bendi za wakati huo besi ilikuwa ala kubwa ya kusimama nayo, ngumu kusafirisha, na sauti yake ilimezwa na ala nyingine. Mwaka 1951 Fender alitoa Precision Bass, besi ya umeme inayovaliwa mabegani kama gitaa. Jina lake linatokana na usahihi: shingo ilikuwa na vipande vya chuma vinavyoonesha mahali pa kila sauti.

Stratocaster ilitoka mwaka 1954. Ilikuwa na vinasa sauti vitatu na mkono wa chuma wa kuyumbisha sauti. Kingo za kiwiliwili zilichongwa kufuata mwili wa mpigaji, baada ya wanamuziki kulalamika kwamba Telecaster iliwachoma mbavuni. Fender aliunda, akawapa wapigaji, akasikiliza malalamiko yao, kisha akarudi kwenye meza ya kazi. Baadaye gitaa hilo lilipata umaarufu mikononi mwa Buddy Holly, Jimi Hendrix na Eric Clapton.

Kwa upande wa rangi, kiwanda kilitumia rangi za kupuliza zilizokuwa zikitumika pia kwenye magari. Mteja aliyetaka rangi tofauti na ya kawaida aliongeza malipo.

Ugonjwa na kuuzwa kwa kampuni

Kuanzia katikati ya miaka ya 1950 Fender alisumbuliwa na maambukizi ya sinasi yasiyopona. Afya ilizidi kuzorota, naye akaona hawezi tena kuendesha kampuni. Mwezi Januari 1965 aliiuza kwa kampuni ya CBS kwa dola milioni 13.

Baadaye alipata matibabu yaliyomfaa, akapona. Alijikuta mzima wa afya, mwenye fedha nyingi, lakini jina lake likiwa mali ya wengine, na mkataba ukimzuia kushindana nao kwa miaka 10. Wapenzi wengi wa magitaa husema ubora ulishuka chini ya CBS, na magitaa yaliyotengenezwa kabla ya mauzo hayo huuzwa kwa bei kubwa zaidi hadi leo. Mwaka 1985 kundi la wafanyakazi na wawekezaji liliinunua kampuni kutoka CBS.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1975 Fender alikuwa rais wa kampuni ya Music Man. Kisha yeye na George Fullerton walianzisha G&L, yaani George na Leo. Mkewe Esther alifariki mwaka 1979, na mwaka uliofuata alimwoa Phyllis. Ingawa aliugua maradhi ya Parkinson, aliendelea kwenda karakanani hadi mwisho wa maisha yake. Alifariki mjini Fullerton akiwa na umri wa miaka 81. Mwaka 1992 aliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame.

Urithi: gitaa la kujitengenezea

Muundo wa Fender ulifungua mlango kwa wasio mafundi. Anayejenga gitaa la aina hiyo huhitaji msumeno, patasi au mashine ya kuchimba mbao, randa, msasa, bisibisi na chuma cha kulehemu.

Kazi inayodai umakini zaidi ni kupanga vipande vya chuma shingoni. Urefu wa uzi katika Stratocaster ni milimita 648. Urefu huo hugawanywa kwa 17.817 kupata nafasi ya kipande cha kwanza, yaani milimita 36.4 hivi. Urefu uliobaki hugawanywa tena kwa namba hiyohiyo kupata nafasi inayofuata. Kipande cha 12 lazima kiangukie katikati kabisa, milimita 324. Kikikosea, gitaa halitaimba sawa hata nyuzi zikikazwa vizuri.

Kazi inayodai subira zaidi ni umaliziaji. Ubao husuguliwa kwa msasa mkavu kisha laini, vinyweleo vya mbao huzibwa, na rangi hupulizwa kwa tabaka nyembamba, kila moja ikiachwa ikauke. Mwenye haraka huishia kuwa na michirizi na malengelenge. Vanishi ikishakuwa ngumu husuguliwa kwa msasa laini wenye maji, kisha hung'arishwa.

Mfano maarufu wa gitaa la nyumbani ni lile la Brian May wa bendi ya Queen, ambayo mwimbaji wake Freddie Mercury alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 1946. May alitamani Stratocaster lakini hakuimudu. Mwaka 1963, akiwa kijana wa shule huko Uingereza, alianza kuunda gitaa lake pamoja na baba yake Harold, mhandisi wa elektroniki. Shingo ilitoka kwenye mbao ya sehemu ya moto ya nyumba ya zamani, na springi zilitoka kwenye pikipiki. Kazi ilichukua takriban miaka miwili, na gitaa hilo ndilo linalosikika katika rekodi nyingi za Queen.

Mbao kuukuu zina faida, kwa kuwa zimeshakauka. Jambo hilo ni muhimu katika maeneo yenye unyevu mwingi hewani kama Unguja, ambako ubao mbichi hupinda. Miti ya msitu wa Jozani, ulio hifadhi ya taifa tangu mwaka 2004, inalindwa na hairuhusiwi kukatwa ovyo. Lakini msaji na mfenesi, zinazojulikana kwa maseremala wa milango ya Zanzibar, hupatikana pia katika samani na majengo yaliyobomolewa.

Athari katika Afrika Mashariki

Muziki wa dansi wa Tanzania, Kenya na Kongo ulijengwa juu ya magitaa ya umeme yanayopokezana: solo, ridhimu na besi. Taarab ya kisasa nayo hutumia gitaa na besi ya umeme, mahali ambapo vikundi vya zamani vilitumia besi kubwa ya kusimama. Besi nyingi za umeme zinazopigwa katika kumbi hizo, ziwe za kampuni yoyote, zinafuata umbo na mpangilio aliouanzisha Fender mwaka 1951.