Masako Katsura, mwanamke aliyegombea ubingwa wa dunia wa biyari kati ya wanaume

Tarehe 6 mwezi wa tatu mwaka wa 1952, mashindano ya ubingwa wa dunia wa biyari yalifunguliwa mjini San Francisco, inchini Marekani. Wachezaji walikuwa kumi, na tisa kati yao walikuwa wanaume. Wa kumi alikuwa Masako Katsura, Mjapani aliyebakiza siku moja tu kutimiza miaka 39, mwenye urefu wa karibu mita moja na nusu, na ambaye Kiingereza alikijua kidogo sana. Mpaka siku ile, hakuna mwanamke aliyewahi kugombea taji la dunia katika mchezo huo.

Ile haikuwa biyari ya meza yenye mashimo, kama zile zinazoonekana kwenye bare za Goma ao Bukavu. Meza ya Katsura haikuwa na shimo hata moja. Mipira ni mitatu. Mchezaji anapiga wake kwa fimbo, nao unapaswa kugusa mingine yote miwili. Tena kabla ya kufikia ule wa mwisho, uwe umegonga kingo za meza mara tatu ao zaidi. Akifaulu anapata pointi moja na kuendelea. Akikosa anamwachia mwenzake. Kule San Francisco mshindi alikuwa yule anayetangulia kufika pointi 50. Nguvu za mikono hazisaidii sana hapo: kinachotakiwa ni hesabu, jicho na utulivu, na kwa hiyo ni vigumu kueleza kwa nini wanawake waliachwa nje muda wote ule.

Katsura alizaliwa Tokyo tarehe 7 mwezi wa tatu 1913. Baba yake alikufa wakati binti alikuwa na miaka 12, naye akaenda kuishi kwa dada yake mkubwa. Bwana ya dada huyo alikuwa na ukumbi wa biyari. Masako alikuwa mtoto dhaifu, mwenye kuchoka upesi, na mama yake alitaka acheze kusudi mwili upate nguvu. Akaanza pia kufanya kazi katika ukumbi wa shemeji yake, na akiwa na miaka 15 tu akawa bingwa wa wanawake wa Japani.

Wengi wangetosheka na taji hilo. Lakini mwaka wa 1937 alikutana na Kinrey Matsuyama, Mjapani aliyekuwa amekwisha kubeba ubingwa wa Marekani, na mtu huyo akamfundisha ule mchezo mgumu wa kingo tatu. Kutoka hapo Katsura hakupimwa tena na wanawake peke yao. Mara tatu alichukua nafasi ya pili katika ubingwa wa kitaifa wa Japani. Katika aina nyepesi ya mchezo, ile isiyodai kingo, alifunga siku moja pointi 10,000 mfululizo bila kukosa, kazi ya masaa mane na nusu. Inasemekana aliacha kwa sababu tu hesabu ilikuwa imetimia vizuri.

Kisha vita vikuu vya pili, Japani ilikaliwa na jeshi la Marekani. Katsura alikuwa akionyesha ufundi wake mbele ya askari hao mjini Tokyo, na ni huko alikojulikana na Vernon Greenleaf, askari wa Marekani. Walifunga ndoa mwaka wa 1950. Mwisho wa mwaka wa 1951 Greenleaf alirudishwa kwao, na bibi yake akavuka bahari pamoja naye.

Huko San Francisco alikuwako Welker Cochran, bingwa wa zamani wa dunia, mwenye ukumbi ambamo mashindano ya 1952 yangefanyika. Mtoto wake, aliyekuwa katika jeshi la majini, alikuwa amemweleza habari za mwanamke huyo wa Japani. Cochran alitaka kwanza aone kwa macho yake. Katsura akashika fimbo, akacheza, na mzee akakubali kumwingiza kati ya wagombea. Ni kusema kama mtu huyo mmoja angekataa, ufundi wote ule ungebaki kuwa maonyesho ya kufurahisha askari.

Watu walijaa ukumbini. Magazeti yaliandika mengi juu ya nguo zake, viatu vyake na udogo wa mwili wake, kuliko juu ya namna alivyopanga mipira. Kati ya wapinzani alikuwamo mwalimu wake Matsuyama. Alikuwamo pia Willie Hoppe, mwenye miaka 64, mfalme wa mchezo huo kwa miaka mingi. Yeye alimfunga Katsura, lakini alimsifu kwa kupiga vizuri kwa mkono wa kuume na wa kushoto pia. Ray Kilgore, ambaye angekuwa bingwa wa dunia mwaka uliofuata, alifungwa na Katsura. Hoppe alibeba taji. Katsura alimaliza wa saba, na wanaume watatu nyuma yake.

Wale waliodhani aliitwa tu kusudi tikiti ziuzwe, walipata jibu katika miaka miwili iliyofuata. Mwaka wa 1953, mjini Chicago, alikuwa wa tano. Mwaka wa 1954, mjini Buenos Aires, akawa wa ine.

Baada ya hapo alionekana kwa nadra. Mwaka wa 1956 vitabu vyake viwili vya kufundisha biyari vilitoka Japani. Mwaka wa 1961 alirudi kupambana na Harold Worst, bingwa wa dunia, wao wawili peke yao kwa ajili ya taji. Alishindwa, na hakugombea tena. Bwana yake alikufa mwaka wa 1967.

Mwaka wa 1976, bila kutangaza, aliingia katika ukumbi mmoja wa San Francisco, akaomba fimbo ya kuazima, akafunga pointi 100 mfululizo, akainama kwa heshima kama Wajapani wanavyofanya, akatoka. Alirudi kuishi Japani karibu mwaka wa 1990, na huko akafariki mwaka wa 1995. Miaka saba baadaye Wajapani walitayarisha mashindano ya kumkumbuka, katika mchezo uleule wa kingo tatu. Yalikuwa ya wanawake peke yao.